Kiti cha Mlangoni

Daktari Mchina alinipa kazi kwa sababu ya leso. Si kwa sababu ya akili zangu, ambazo alikuwa bado hajaziona, wala vyeti vyangu, ambavyo hata mimi sikupenda kuviona. Alikuwa amepanga chumba cha chini Bondeni, kwetu Mombasa, mkabala na duka la vitambaa, akatundika ukutani picha ya mtu aliyejaa vitone mwili mzima, akapanga mezani sindano zake za kudunga kwenye vitone hivyo, akangoja wagonjwa. Wanaume walikuja. Wanawake nao walikuja, lakini kila alipotaka kuwashika mkono asikilize mshipa, walijifunga leso juu ya kifundo kwanza. Wengine waliikunja mara mbili. Mmoja aliikunja mara nne, kisha akamnyooshea mkono na kugeuza uso upande wa pili.

Daktari alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye Kiswahili alichojifunza Pemba alikofanya kazi zamani kabla ya kuja kwetu. Alikuwa na subira nyingi, lakini leso ya mikunjo minne ilimshinda. Akawaambia watu wa duka la vitambaa kwamba anatafuta mwanamke wa mjini, anayejua kusoma na kuandika, asiye na kinyaa. Shangazi yangu, aliyekuwa pale akipimiwa kitambaa, akasema anaye mmoja nyumbani, amekaa tu.

Huyo aliyekaa tu ndiye mimi. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nami nina miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa kidato cha nne, chuo cha wauguzi kimenikataa mara mbili, na kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kuchoma mahamri na kusikiliza wageni wakimwuliza, nami nipo papo hapo, “Na huyu mtamfanyaje?” Kwa hivyo niliposikia kuna mtu anayetaka vidole vyangu, nilivichukua na kwenda navyo mbio.

Mama hakupendezwa. “Kazi gani hiyo ya kushika watu mikono?” alisema. “Mkono wa mtu washikwa kwa salamu, kisha waachiwa.”

Daktari naye hakuniahidi kitu. Siku ya kwanza alinikalisha akaniambia neno moja moja, ili lisipotee hata moja njiani. “Kabla ya Ramadhani, mtihani. Mgonjwa mmoja mwanamke. Hakuna kuuliza. Vidole tu. Ukipata, utabaki, nitakufundisha na sindano. Ukikosa, yuko mwanamke Dar es Salaam, amesoma, nitamwita.” Nikahesabu miezi. Ilikuwa mitano. Sikulala vizuri usiku ule, kwa kuwa mitihani nami tulikuwa tunajuana.

Njia za kumjua mgonjwa, alinifundisha, ni nne: kumtazama, kumsikiliza na kumnusa, ambazo kwao ni njia moja, kumwuliza, na kumshika. Zilikuwa zimefanya kazi kwao tangu enzi za wafalme. Hakuna aliyekuwa amezijaribu Mombasa.

Tulianza na kutazama, yaani ulimi. Ulimi mwekundu mno ni joto ndani ya mwili. Wenye utando mzito ni unyevu. Wa zambarau ni damu iliyosimama, na huo ndio wa kuogopa. Niliandika yote daftarini kwa kalamu ya rangi mbili. Wiki ya kwanza wanawake wote walikuwa na ndimi nyekundu. Daktari akaniambia mji huu una joto kali, joto la ini, akawapa wote majani ya kuchemsha. Nami nilikubali, maana nilikuwa mwanafunzi, na mtu aliyesoma miaka yote hiyo utamwambiaje kwamba mama yule ametoka kula ubuyu na yule mwingine hakai nusu saa bila tambuu? Si kwamba sikujua. Nilijua, lakini nilidhani na yeye anajua, na kwamba chini ya wekundu wa tambuu anaona wekundu mwingine ambao macho yangu hayajaufikia.

Kisha ukaingia msimu wa zambarau. Zilimwagika sokoni kwa mabeseni, na mji mzima ukawa unatafuna. Asubuhi ile mgonjwa wa kwanza akatoa ulimi, daktari akainama. Wa pili akatoa, akavua miwani. Wa tatu alikuwa mama aliyekuja na binti zake wawili, na daktari alipowaona wote watatu wako sawasawa, akaketi chini. “Mji wote,” aliniambia taratibu, “damu imesimama.” Alikuwa anazungumzia kuandikia watu wa serikali.

Hapo nikaona kunyamaza ni dhambi. Nikatoka nje, nikanunua zambarau za kutosha, nikamwekea mezani pamoja na chumvi kidogo, nikamwambia ale, ni matunda ya msimu. Alikula nyingi, alizipenda. Kisha nikampa kile kioo cha mkononi tulichokuwa nacho. Alijitazama ulimi kwa muda mrefu sana, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na tangu siku ile kulikuwa na mtungi wa maji na bilauri mlangoni, na hakuna aliyefika kwetu bila kusukutua.

Njia ya kunusa iliisha mapema. Mwanamke wa Mji wa Kale haendi kwa daktari hivi hivi. Huoga, hujifukiza udi, hujipaka mafuta, na kama kuna asumini huzivaa. Daktari alisema kila ugonjwa una harufu yake, mmoja kama kitu kilichoungua, mwingine kama kitu kitamu kilichooza. Tulinusa miezi mitano, na ugonjwa wote wa Mombasa ulinukia udi.

Kuuliza nilidhani ndiko kutakuwa rahisi, kwani Kiswahili ni changu. Daktari alikuwa na maswali kumi ya kuuliza kwa utaratibu, kuanzia baridi na joto, jasho, kichwa, mpaka choo. Mgonjwa huingia, tukaamkiana. Hujambo? Sijambo. Wa nyumbani? Hawajambo. Waonaje hali? Njema, alhamdulillah. Watoto? Hawajambo. Kisha namwuliza swali la kwanza, je, anasikia baridi au joto? Hasikii. Kichwa chamuuma? Hakimuumi. Analala? Analala, alhamdulillah. Kuhusu choo nilikuwa nauliza huku nikitazama dari, naye akijibu huku akitazama dari, kwamba hana neno. Daktari aliandika majibu yote kwa bidii, kisha akaniuliza kwa upole huyu mtu amefuata nini.

Walikuwa wakijibu vile kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Umeulizwa hali, na hali kwa mtu usiyemzoea ni njema. Wachukuzi wa Kilindini, wengi wao watu wa bara, hawakuwa na taabu hiyo. Waliingia na migongo yao wakisema mgongo, mgongo, kabla hata ya kuketi. Lakini watu wetu wa mjini walikwisha kufundishwa tangu utotoni kwamba maradhi si kitu cha kumrushia mtu usoni.

Nilichokuja kugundua ni kwamba ukimaliza, ukamwambia haya basi, nenda salama, akasimama, akavaa viatu, akashika pazia la mlango, hapo husimama kidogo. Huangalia nje. Kisha husema, “Ila tu.” Ila tu usiku miguu yanipanda ganzi. Ila tu kuna kitu kifuani kama mtu amekalia. Mkono ukiwa juu ya pazia, na uso ukiwa barabarani, yote hutoka, hata yale ya choo. Nilimwambia daktari. Siku iliyofuata tukaweka kiti cha pili mlangoni kabisa, karibu na pazia, cha mtu anayeondoka. Ile meza ya mbele tukaiachia salamu. Daktari alikuwa akikisifu kiti kile mbele ya wageni, na kusema kwao hakuna.

Ikabaki kushika. Na hapo ndipo kulipokuwa na mtihani wangu.

Unaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, cha shahada, cha kati na cha pete. Kila kidole kinasikiliza kiungo chake, na ukibonyeza kidogo unasikia hiki, ukibonyeza zaidi unasikia kile. Kuna mshipa unaoteleza. Kuna uliokazwa kama waya wa udi unaopigwa kwenye harusi. Kuna wa mkwaruzo, ambao yeye alifundishwa kwamba ni kama kisu kinachokwaruza mwanzi. Mimi mwanzi sijawahi kuukwaruza, nikaandika: mbuzi butu na nazi kavu. Daftari langu lilikuwa zuri, kila mshipa na maelezo yake. Nilipoweka vidole, nilisikia tuk. Tuk, tuk, tuk. Kwa mgonjwa huyu tuk, na kwa yule tuk.

Alinipa mazoezi. Nyumbani niliweka unywele chini ya ukurasa wa gazeti nikautafuta kwa kidole, kisha chini ya kurasa mbili. Unywele niliupata. Mshipa, hapana. Nikamwomba mama anipe mkono wake jioni, baada ya mahamri. “Mimi sijambo,” akasema. “Mshike paka.” Nikamshika paka. Kesho yake nilikwenda kazini na mikono imechanwa mpaka kwenye viwiko, daktari akaitazama, akasema, “Sasa umejua mkwaruzo.”

Kudanganya kulianza bila nia. Alikuja mke wa muuza vitambaa wa mkabala, na Bondeni nzima ilijua kwamba mwanamke yule halali tangu mumewe alipooa mke wa pili Majengo. Daktari alinitazama. Niliweka vidole vyangu vitatu, nikafumba macho, nikasikia tuk, nikasema, “Hulali.” Yule mama akavuta pumzi. “Na tangu mwezi wa tatu,” nikaongeza, maana ndipo harusi ilipokuwa. Akaanza kulia. Daktari akaishika leso yake, akasikiliza juu yake, akatikisa kichwa kukubali, akaniandikia alama nzuri katika kitabu chake.

Ningesema kweli pale pale. Sikusema. Badala yake nikawa mtu wa kuhudhuria. Hakukuwa na jiko la harusi nisilolijua, wala matanga nisiyokwenda kupepeta mchele. Asubuhi, watu walipokuja dirishani kwetu kununua mahamri, niliyauza mimi, polepole. Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza ndiye alikuwa hazina yangu kubwa, mama mmoja aliyejua mimba kabla ya mwenye mimba. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa tatu, sisi juu kabisa, na mama yangu kila akipanda ngazi ni lazima asimame mlangoni kwa jirani yule kumwamkia, dakika tano, dakika kumi. Mimi nilikuwa nikikasirika nyuma yake na vikapu, kisha nikajifunza kutega sikio. Jirani alipohamia Malindi kwa bintiye, miezi miwili kabla ya Ramadhani, nilimlilia kuliko nilivyowalilia jamaa zangu wengine.

Kufikia hapo jina langu lilikuwa limetoka. Wanawake walikuja kutoka Majengo na hata ng'ambo ya Nyali, kumwona yule msichana ambaye ukimpa mkono anakusomea tumbo. Wakitoka walisimuliana. Walichonisimulia nacho nilikisoma kesho yake kwenye mkono wa mwingine. Daktari alikuwa akinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, nami nilikuwa nikiingia chooni kufungua daftari langu na kusoma tena, unaoteleza, uliokazwa, wa mkwaruzo, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula ambavyo hajawahi kuvionja. Niliona aibu sana. Niliona pia kwamba mtihani ungekuwa wa mtu wa mjini, na mtu wa mjini nitakuwa nimekwisha kumjua.

Siku ya mtihani daktari alinitoa nje asubuhi. Alikuwa amempokea mgonjwa wa kwanza peke yake, akamshika mshipa juu ya leso, akachukua muda mrefu, akaandika kitu kwenye karatasi akaikunja. Ndipo akaniita. “Hakuna kuuliza,” akanikumbusha. “Hata hujambo.”

Kwenye kiti alikuwa ameketi mwanamke wa buibui, uso umefunikwa, macho tu. Nilitazama chini. Zile ndara zilikuwa za mamangu, nilimnunulia mwenyewe kwa mshahara wangu wa kwanza. Alikuwa na alama ya kuungua kifundoni, ya karai la mahamri. Naye aliona kwamba nimeona. Baadaye nilijua kilichomleta: majirani walikuwa wamemchosha kwa kumsifia mwanawe, akasema atakwenda aone urongo huu kwa macho yake. Daktari hakumjua. Kwake alikuwa mgonjwa wa kwanza wa Alhamisi. Tukatazamana mimi na mama kama watu wawili wasiojuana, na kila mmoja akangoja mwenzake acheke.

Nilifumba macho kama kawaida yangu, nikaanza kutafuta katika yale niliyosikia. Sikupata kitu. Harusi zote, matanga yote, dirisha lote la mahamri, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno juu ya mama yangu, kwa sababu mtu haambiwi habari za mamake. Nilijua maradhi ya kila mwanamke kuanzia Bondeni mpaka Kibokoni. La yule aliyenizaa nilijua moja tu, kwamba hajambo.

Basi nikabaki na vidole. Mkono ulikuwa wa moto na laini kwa mafuta. Tuk. Tuk. Tuk. Kisha hapakuwa na kitu.

Nikafikiri nimeteleza. Nikabonyeza. Tuk, tuk, tuk, tuk, tuk, kisha mahali patupu, mtu angeweza kuvuta pumzi humo, kisha tuk moja dogo la haraka likikimbilia wenzake. Nikabadili mkono. Ikawa vile vile. Hakukuwa na mwanzi wala nazi wala waya wa udi. Ulikuwa moyo wa mama yangu, unasimama, unafikiri, unaendelea. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote, na sikutaka kuwa nimejua.

“Yanaruka,” nilisema. “Mapigo. Si mara moja. Tusimtie sindano, aende hospitali wamsikilize moyo.”

Daktari akafungua karatasi. Alijua sisomi maandishi ya kwao, kwa hivyo alikuwa amechora tu: nukta tatu, pengo, nukta tano, pengo, nukta mbili. Akaiweka mbele yangu. “Wengine uliwajua kwa masikio,” akasema. “Huyu kwa vidole.” Nikainama kwa aibu, nikamwuliza alijua tangu lini. Tangu yule wa mwezi wa tatu, akasema, kwa sababu mshipa hauna kalenda. “Lakini kusikiliza ni njia ya pili. Nimekuandikia alama ya kusikiliza.”

Mama akafunua uso. “Urongo,” akasema, lakini aliiambia karatasi ile, si mimi. “Mimi sijambo.” Alisimama, akapita kiti cha mlangoni bila kukitazama, akatoka. Alikuwa ameshaijua kazi yake, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimsimulia nyumbani nikicheka.

Hospitalini, wiki ile ile, walimwandikia vidonge, akavinywa kwa miaka mingi na kuvilalamikia kila siku. Mimi nilibaki Bondeni, nikafundishwa sindano. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilimfuata, tukapitia sokoni, tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma na vikapu. Yeye alikuwa amekasirika, nami nilikuwa na furaha niliyoionea haya. Tukaanza kupanda ngazi.

Kwenye ghorofa ya kwanza alisimama, kama kawaida, akaweka mkono kwenye ubavu wa mlango wa jirani yetu. “Hujambo, mwenzangu?” akasema. “Wa nyumbani hawajambo?”

Mlango ulikuwa na kufuli. Ulikuwa na kufuli tangu jirani alipohamia Malindi, miezi miwili, na kila siku katika miezi hiyo miwili mama yangu alikuwa amesimama pale kuuamkia, na mimi nyuma yake nimebeba vikapu, nikitazama saa. Kutazama ndiyo njia ya kwanza. Nilikuwa nimetazama ndimi za mji mzima.

Nikauona mgongo wake ukipanda na kushuka chini ya buibui, akitafuta pumzi. Sikumshika mkono. Nikasogea karibu na mlango, nikauambia ule mlango kwamba sisi hatujambo, alhamdulillah, na huko Malindi je?

Mama akanitazama, akauma mdomo asicheke. Akageuka akaangalia chini, kule ngazi zinakoishia barabarani, mkono wake bado uko mlangoni.

“Ila tu,” akasema.

Nikaweka vikapu chini, nikaketi kwenye ngazi.